Ripoti ya Jumatatu iliyotoka mara mbili, na vitabu vitatu vya Airflow

Mwanzoni mwa 2024 kuna dogo alihamia timu yetu akitokea uhasibu, mtu wa Excel na SQL, SQL yake nzuri kabisa, Python anaisoma polepole ila anaisoma, akakabidhiwa kazi kumi na moja za Airflow ambazo aliyeziandika alishaondoka kazini. Kwa wasioitumia, Airflow ni mfumo wa kupanga na kuendesha kazi za data: unaandika kwa Python kwamba hii itangulie, ile ifuate, ikifeli ijaribu tena mara tatu, na mnyororo wote uanze saa fulani kila siku. Mnyororo mzima ndo unaitwa dagi, kila pingili ndani yake ni taski. Sisi tunakusanya mauzo na malipo ya simu ya maghala ya Dar, Morogoro, Dodoma na Mwanza usiku, ili mameneja wakifungua ripoti saa mbili asubuhi wakute siku iliyopita imeshafungwa hesabu.

Wiki ya kwanza tu akaniuliza, "Dada, nisome kitabu gani?" Nikamwambia tafuta chochote cha Airflow uanzie hapo, utaniuliza ukikwama. Nilikuwa na haraka siku hiyo. Jibu hilo lilitugharimu karibu miezi miwili, ndo mana naandika kisa chote kilivyoenda, mana swali hili la "kitabu gani" naulizwa kila mara na najua wengi wanalijibu kama nilivyolijibu mimi.

Kitabu cha kwanza alikipata kwenye grupu la WhatsApp, pdf ya bure ambayo inazunguka miaka yote. (Sipendi pdf za kuzungushwa, mtu kakaa mwaka mzima anaandika, lakini hilo lina mjadala wake.) Kilikuwa kizuri kusoma kwa kweli, lugha nyepesi, picha nyingi. Shida ni kwamba kiliandikwa wakati wa Airflow 1.10. Seva yetu ilikuwa 2.7. Na yeye kwenye laptopu yake aliandika `pip install apache-airflow` kama kitabu kilivyomwambia, bila faili la konstrenti (orodha ya matoleo ya vifurushi yanayoendana) ambalo nyaraka rasmi zinasisitiza ulitumie, ikamvutia toleo jipya zaidi la siku hiyo, 2.8. Kwa hiyo mtu mmoja anayejifunza alikuwa na matoleo matatu kichwani, la kitabu, la laptopu na la ofisini, na hakuna aliyemwambia kwamba ni vitu tofauti.

Hapa lazima niseme kidogo historia, bila hiyo huwezi kuelewa kwa nini vitabu vya Airflow vinazeeka upesi. Airflow alianza kuitengeneza Maxime Beauchemin pale Airbnb mwaka 2014, ikawekwa wazi 2015, ikaingia Apache (taasisi inayosimamia programu huria) kwenye malezi 2016 na ikawa mradi kamili wa Apache Januari 2019. Miaka yote hiyo ni familia ya 1. Desemba 2020 ikatoka 2.0 na hapo waligusa vitu vingi sana kwa mkupuo, amri za mstari wa amri zilipangwa upya, njia mpya ya kuandika taski kwa dekoreta (alama ya @ juu ya fanksheni ya Python) ikaja, moduli zikahamishwa, na operata nyingi (vipande vilivyo tayari vya kufanya kazi fulani) zilizokuwa ndani ya mfumo zikatolewa zikawa vifurushi vya kujitegemea. Alafu ndani ya familia ya 2 yenyewe majina yaliendelea kubadilika: kilichokuwa kinaitwa `execution_date` kuanzia 2.2 kikawa `logical_date`, `schedule_interval` ikawa `schedule` kuanzia 2.4. Kitabu cha 2019 na kitabu cha 2023 vinaongelea programu moja ila mgeni anaweza kudhani ni mbili.

Sasa dogo akaandika `airflow initdb`, ikakataliwa palepale. Akaandika `airflow list_dags`, ikakataliwa. Hizo hazikunisumbua, mana kitu kikikataa unajua kimekataa, unatafuta, unapata amri mpya, unaendelea. Zilizonisumbua ni zile zilizokubali. Kuna mistari mingi ya 1.10 ambayo familia ya 2 iliivumilia, ile ya kuvuta `BashOperator` kutoka njia ya zamani, ile ya kuweka `provide_context=True`, zote zinapita, unapata onyo tu kwenye logi na taski inakuwa ya kijani. Mgeni haangalii onyo, anaangalia kijani. Wiki tatu dogo alikuwa anaandika dagi mpya kwa lahaja ya zamani na zinafanya kazi, na kila siku anajenga imani kwamba ameelewa.

Na alikuwa anasoma kwenye simu, ndani ya mwendokasi kutoka Kimara asubuhi na kurudi jioni. Nimelitaja kwa sababu lina uzito wake: pdf kwenye kioo kidogo inakata mistari ya kodi (maandishi ya programu), na ukikopi kutoka pdf nafasi za mwanzo wa mstari mara nyingi zinapotea, na Python bila zile nafasi sio Python tena. Alipoteza jioni nzima kutafuta kosa ambalo kwenye kitabu halikuwepo. Siku hizi mtu akiniambia anasomea njiani namwambia achukue ile ya kusomea simu ambayo maneno yanajipanga upya kwa ukubwa wa kioo, na kodi asiikopi kitabuni, aifuate kwenye hazina ya kodi ya kitabu (mahali mtandaoni waandishi walipoiweka) kama ipo.

Nilipoona lahaja ya 1.10 kwenye kazi zake nikamwambia achana na hicho, ofisi italipia kimoja. Tukachagua. Yaani yeye alichagua, mimi nikasaini bila kukifungua, nikaangalia jalada tu, limeandikwa kwamba kinahusu matoleo mapya, mwaka wa karibuni, nikasema safi, tatizo letu lilikuwa toleo na hapa toleo ni sahihi.

Kitabu cha pili hakikuwa na kosa hata moja la toleo. Kila mstari ulikubali kwenye seva bila onyo. Lakini kilikuwa kitabu cha orodha: sura moja operata za aina hii, sura nyingine operata za aina ile, kisha Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu kwenye mashine nyingi), kisha jinsi ya kuiweka kwenye wingu (seva za kukodi mtandaoni), na mazoezi yake mengi yanataka ufungue akaunti ya wingu kwa kadi ya benki, kitu ambacho dogo hakuwa nacho na ofisi isingempa kwa ajili ya mazoezi. Njia ya Docker (kuendesha programu ndani ya kontena) nayo alijaribu, laptopu yake ina ramu ya GB 8, na nyaraka rasmi zenyewe zinasema Docker peke yake uipe angalau GB 4 na ikiwezekana 8, kwa hiyo akiwasha hiyo hafungui hata kivinjari. Mwishowe nikamuonesha `airflow standalone` ndani ya WSL2 (Linux ndani ya Windows), hiyo inaenda vizuri kwenye mashine ya kawaida, ila kitabu hakikuitaja.

Suala la muda, yaani dagi inaanza lini na inashughulika na data ya lini, lilikuwa kwenye kurasa mbili. Andika kroni (mstari wa ratiba) hapa, weka tarehe ya kuanza pale, basi.

Sasa kisa chenyewe.

Usiku wa kuamkia Jumapili mtandao wa seva ya mafaili ulikatika. Dagi ya mauzo ya Jumamosi ikafeli, ikajaribu mara tatu, ikakaa nyekundu. Jumapili hakuna mtu kazini. Jumatatu dogo alikuwa kwenye mafunzo nje ya ofisi. Jumanne saa nne asubuhi akaiona, akafanya kitu ambacho kila kitabu kinafundisha na ni sahihi, aliifuta hali ya ile taski ili Airflow iirudie. Ikaenda. Kijani. Akafurahi, akaniandikia kwamba Jumamosi imeshaingia.

Jumatano kwenye kikao meneja wa mauzo anauliza kwa nini Jumatatu mauzo yamepanda mara mbili ghala zote nne kwa siku moja, na Mwanza wameshaanza kuulizwa waongeze mzigo. Na Jumamosi ni sifuri.

Ukiangalia kodi ya aliyeondoka unaona mara moja kama umeshaumwa na kitu hiki, kama hujaumwa unaweza kuitazama siku nzima. Ndani ya taski aliandika: chukua tarehe ya leo, toa siku moja, leta mauzo ya tarehe hiyo, yaongeze kwenye jedwali. Siku zote inapokimbia kwa wakati, "leo toa moja" ni jana na jana ndo siku tunayoitaka. Lakini ukiirudia taski ya Jumamosi siku ya Jumanne, leo ni Jumanne, toa moja ni Jumatatu. Ikaleta Jumatatu, ambayo ilishaingia ile alfajiri kwa dagi yake halali, na kwa kuwa inaongeza tu bila kuangalia kilichomo, Jumatatu ikawa mara mbili. Jumamosi haikuletwa na mtu yeyote.

Nikamuuliza dogo, unadhani shida ni nini? Akasema mtandao, tuombe watu wa mtandao waweke laini ya akiba. Nikamuuliza kitabu kinasemaje, akafungua sura ya kurudia taski, ameifuata hatua kwa hatua, hajakosea popote. Na ni kweli hajakosea.

Hapo ndo nilielewa kosa langu la mara mbili. Mara ya kwanza sikuangalia toleo. Mara ya pili niliangalia toleo peke yake. Kitabu cha pili kilikuwa kipya na sahihi na kilikuwa kinajibu maswali ambayo sisi hatuna, tuna seva moja, hatuna Kubernetes, hatuna wingu, tuna dagi kumi na moja za kila siku zinazoshughulika na tarehe. Swali letu lilikuwa muda. Dagi ikikimbia inajuaje inashughulika na siku gani, na ikikimbia tena kwa siku ile ile kitatokea nini.

Wenzangu wawili walisema achana na vitabu kabisa, nyaraka rasmi zipo, za bure, na mtu unauliza mashine siku hizi inakujibu. Nyaraka za Airflow ni nzuri na ninazitumia kila siku, na nampa kila mgeni ujanja huu: juu ya ukurasa kuna sehemu ya kuchagua toleo, weka la seva yako, usisome la sasa hivi kama wewe upo nyuma. Lakini dogo angetafuta nini? Yeye aliamini shida ni mtandao. Hakuwa na neno la kutafuta. Asingeandika popote "muda wa data wa dagi" kwa sababu hakujua kuna kitu cha aina hiyo, na mashine ungeiuliza kuhusu mtandao ingekujibu kuhusu mtandao. Mtu ambaye hana swali anahitaji mwandishi ambaye ameshapita huko na anaamua yeye kwamba kabla ya operata ya tano lazima tukae hapa kwenye tarehe kurasa thelathini. Hiyo kazi ya kuamua kipi kitangulie ndo unalipia kwenye kitabu. Sintaksia ipo bure.

Kwa hiyo safari ya tatu tulichagua kwa namna nyingine. Tulikaa wote wawili mezani na sampuli za vitabu, tukaanzia nyuma, kwenye faharasa, kabla ya sura ya kwanza. Nilimuandikia maneno matano kwenye karatasi: "backfill" (kujaza siku za nyuma), "catchup" (kukimbiza vipindi vilivyopitwa), "timezone" (eneo la saa), "idempotency" (ukirudia matokeo hayabadiliki), na "execution date" au "data interval" (kipindi cha data) kutegemea umri wa kitabu. Kitabu ambacho maneno hayo yana ukurasa mmoja mmoja, weka pembeni. Kitabu ambacho hayo maneno yana sura, fungua hiyo sura usome mfano wake mmoja mpaka mwisho. Alafu angalia ukurasa wa haki ya kunakili uone mwaka wenyewe, mana jalada linaweza kusema lolote, na angalia hazina ya kodi ya kitabu kama waandishi wanaigusa bado au waliiacha. Na mwisho soma utangulizi pale wanaposema msomaji anatakiwa kujua nini, wengi wanaruka hapo, na ndo penye jibu kama Python yako inatosha.

Tuliangukia Data Pipelines with Apache Airflow cha Bas Harenslak na Julian de Ruiter, Manning, 2021. Kwa umri kilikuwa nyuma ya seva yetu, kimeandikwa kwa 2.0, na kile cha pili tulichokinunua kilikuwa kipya zaidi. Dogo alishangaa, akasema "Dada si ndo tunarudi kule kule kwa pdf ya WhatsApp?" Hapana. Kitabu cha 1.10 kilikuwa upande wa pili wa ukuta wa 2.0. Hiki kipo upande wetu, kilichobadilika katikati ni majina zaidi ya mambo yenyewe. Nilichukua karatasi nusu nikaandika: wakisema `execution_date` wewe soma `data_interval_start`, wakisema `next_execution_date` soma `data_interval_end`, wakisema `schedule_interval` andika `schedule`, wakisema `DummyOperator` andika `EmptyOperator`. Mistari minne. Akaibandika ndani ya jalada. Kitabu ambacho unaweza kukirekebisha kwa nusu karatasi hakijazeeka.

Sura ya tatu ndo tuliyonunulia kitabu kizima. Inachukua mfano wa data ya matukio ya watumiaji, kwanza inaleta yote kila siku, kisha inakuonesha kwa nini hiyo ni mbaya, kisha inaleta siku moja moja, na hapo inakulazimisha kuuliza siku gani, na ndo inakueleza kwamba dagi ya kila siku kwa kawaida ya Airflow inakimbia kipindi kikishaisha, na tarehe inayobeba ni ya mwanzo wa kipindi. Watu wanalalamika sana kuhusu hilo, kwamba dagi ya tarehe 5 inakimbia tarehe 6, wanaona ni hitilafu. Dogo hakuona hitilafu yoyote, na nadhani ni kwa sababu ya uhasibu. Aliniambia, kwani dukani daftari la Jumatatu unalifunga lini? Jumatatu ikishaisha. Hata kama unalifunga alfajiri ya Jumanne, juu ya ukurasa unaandika Jumatatu. Sijawahi kusikia mtu akiieleza vizuri zaidi ya hapo na sasa naitumia kufundishia wengine.

Mwisho wa sura hiyo kuna sehemu ya namna ya kuandika taski, yenye mambo mawili. La kwanza, taski ifanye jambo moja likamilike lote au lisifanyike kabisa, na mfano wao ni taski inayoandika faili la takwimu na hapo hapo inatuma barua pepe, barua ikifeli faili limeshaandikwa, unabaki na nusu. La pili, taski ukiirudia kwa siku ile ile mara moja au mara kumi matokeo yawe yale yale. Dogo alisoma hapo, akanyamaza, akafungua kodi ya dagi ya mauzo. Sikumwambia kitu. Akasema, "Hii yetu ukiirudia inaongeza." Kisha baada ya muda, "Na inauliza leo ni lini, badala ya kuuliza mimi ni dagi ya siku gani." Kasahihisha mwenyewe mchana ule: taski inapokea mwanzo na mwisho wa kipindi kutoka Airflow, inafuta kwenye jedwali kila kilichopo cha kipindi hicho, inaingiza upya, vyote ndani ya muamala mmoja wa databesi ili ikikatika katikati irudi ilivyokuwa. Tukairudia Jumamosi. Ikaja Jumamosi. Tukairudia Jumatatu mara tatu mfululizo kwa makusudi, jumla haikusogea. Dagi tatu nyingine kati ya zile kumi na moja zilikuwa na ugonjwa ule ule.

Kitu kimoja kitabu hakikutupa, na hakuna kitabu nilichokiona kinachotupa, ni saa zetu. Airflow kwa kawaida inafikiri kwa UTC, saa ya kimataifa ambayo ipo nyuma yetu kwa saa tatu. Dagi ya saa sita usiku ya UTC kwetu inakimbia saa tisa usiku, sawa, hiyo wengi wanajua. Wasichokiona ni kwamba kipindi chenyewe nacho kinakuwa cha UTC, yaani "siku" inaanza saa tisa usiku na kuishia saa tisa usiku ya kesho yake. Maghala yamefungwa muda huo lakini malipo ya simu hayalali. Wakala akilipa saa saba usiku wa kuamkia Jumanne, UTC bado ni Jumatatu, anaingia kwenye hesabu ya Jumatatu, na taarifa ya kampuni ya simu inamhesabu Jumanne, na mhasibu anakaa na tofauti ndogo ndogo kila siku asijue zinatoka wapi. Dawa ni tarehe ya kuanza ya dagi kuipa eneo la `Africa/Dar_es_Salaam`, basi, siku inakuwa siku yetu. Vitabu vya wenzetu sehemu ya muda vinatumia kurasa nyingi kuhangaika na saa zinazosogezwa mbele na nyuma kwa majira ya joto na baridi, hiyo sisi tunairuka yote, hapa ni UTC+3 mwaka mzima. Ongeza na usomaji wetu wenyewe wa saa, mana kwenye kroni `0 8 * * *` ni saa mbili asubuhi, na nimeshaona dagi iliyoandikwa `0 2` na mtu aliyemaanisha saa mbili. Ikawa inakimbia saa nane usiku kabla mafaili hayajafika. Hilo liandike ukutani kama unafundisha.

Sura za mwisho za kitabu hicho, za Amazon, Microsoft na Google, hatujazigusa mpaka leo. Za kujaribu kodi na za kuendesha mfumo kazini tulizisoma polepole kwa miezi, moja ikihitajika inafunguliwa. Sidhani kuna haja ya kusoma kitabu cha aina hii chote kwa mpigo.

Aprili 2025 ikatoka Airflow 3. Nilijua hapa ndo mtihani wa kitabu chetu utakapokuja, na kweli safari hii hawakubadili majina tu. `execution_date` imeondolewa kabisa, dagi ndogo ndani ya dagi zimeondolewa, dagi mpya kwa kawaida hairudi kujaza siku za nyuma mpaka uiambie. Tulipoweka ya majaribio pembeni ya ile ya kazi, dagi ya mauzo ikakimbia kijani na ripoti ikatoka tupu. Sio mara mbili, tupu, maghala yote manne sifuri.

Nilikuwa naanza kufungua logi, dogo akanizuia, akasema ngoja dada. Akaongeza mstari mmoja wa kuchapisha mwanzo na mwisho wa kipindi. Vimetoka saa ile ile, sekunde ile ile. Kipindi hakina urefu, sasa mauzo yataingia wapi. Akaenda kwenye maelezo ya toleo, akiwa sasa analo neno la kutafuta, akapata ndani ya dakika chache: kwenye 3 ukiandika kroni peke yake, kawaida mpya ni kwamba dagi inabeba saa ya kukimbia yenyewe, haibebi tena kipindi kilichokwisha, na kuna mpangilio wa `create_cron_data_intervals` kwenye sehemu ya skejula (kipanga ratiba) ambao zamani ulikuwa kweli na sasa ni si kweli. Tungeweza kuurudisha kwa seva nzima. Yeye akachagua kuandika `CronDataIntervalTimetable`, aina ya ratiba inayobeba kipindi, wazi wazi ndani ya kila dagi inayofunga hesabu ya siku, ili atakayezirithi asihitaji kujua seva imepangwaje. Nikakubaliana naye.

Tukakimbiza tena, mauzo ya siku iliyopita yakaja, tukalinganisha na ile ya kazini, shilingi kwa shilingi. Kisha akafungua jalada la kitabu, kwenye ile nusu karatasi yangu, akaongeza mstari wa tano kwa penseli.